Namba Iliyo Juu Yangu

Hatukufukuzwa kazi. Tulipumzishwa. Ndilo neno lililoandikwa kwenye barua, na mpaka leo nikilisikia popote, hata mama akisema anakwenda kumpumzisha mtoto, natamani kurusha kitu. Kupumzishwa ni kwa aliyechoka, na mimi sikuwa nimechoka. Nilikuwa rubani msaidizi, mtu wa kiti cha kulia, na nilikuwa karibu kuhamia cha kushoto, cha kapteni, wakubwa wetu kule Nairobi walipotangaza kwamba ndege kadhaa zimelala chini zikisubiri injini ambazo haziji. Ndege isiyo na injini haihitaji rubani, hilo naelewa. Nilichoshindwa kumeza ni ule utamu wa barua: tunathamini mchango wako, tafadhali pumzika bila mshahara mpaka tutakapokuita.

Walichukua sare, wakachukua kadi ya kuingilia uwanjani, wakafunga hata ile akaunti ya mtandaoni tuliyokuwa tukiangalia ratiba na orodha. Walituachia kitu kimoja tu, namba.

Asiyejua kazi yetu ataniona mwehu nikikasirikia namba, kwa hiyo acha nieleze. Katika kampuni ya ndege kama yetu kila rubani ana nafasi yake kwenye orodha, kufuatana na siku aliyoajiriwa, na nafasi hiyo ndiyo tunayoiita namba. Ndiyo inayoamua nani awe kapteni na lini, nani apate likizo ya Idi na nani abaki akiwapeleka wenzake makwao, nani apumzishwe kwanza na nani aitwe kwanza. Uhodari hauna neno hapo. Unaweza kuishusha ndege kwenye upepo wa ubavuni abiria wakadhani bado wako hewani, namba yako haitasogea. Inasogea tu mtu aliye juu yako akistaafu, akifa au akijiuzulu. Na wewe ukijiuzulu, maji yakimwagika hayazoleki. Hata ukirudi wiki ijayo unaanzia mkiani, nyuma ya kijana uliyemfundisha kazi mwenyewe.

Namba iliyokuwa juu yangu ilikuwa ya mwanamke mwenzangu. Tuliajiriwa siku moja, na desturi ya kampuni yetu ni kwamba walioingia siku moja wanapangwa kwa umri. Alinizidi miezi michache. Kwa miezi hiyo michache yeye alichagua na mimi nikaokota, miaka nenda miaka rudi. Akitaka Desemba, mimi nilipata Novemba. Darasa la ukapteni lilipofunguliwa aliitwa yeye, mimi nikaambiwa zamu inayofuata ni yangu, na kabla hajalimaliza tukapumzishwa sote. Nilimwita Dada, mwanzoni kwa utani, kisha kwa mazoea. Wenzetu walikuwa wakitucheka, aliye juu mngoje chini, nami nikicheka nao. Yeye ni mtu wa Nakuru, Mkristo wa kwaya. Mimi ni wa Mombasa, Mwislamu wa kujitahidi. Nilimpenda. Hilo nalo liandikwe, maana bila hilo nisingekuwa na hasira kiasi hiki.

Tulikuja Jeddah pamoja. Chuo kimoja cha marubani kilikuwa kinatafuta walimu wa darasani, na kufundisha darasani hakukuhesabiwa kuwa ni kuajiriwa na kampuni nyingine ya ndege, kwa hiyo namba zetu zilikuwa salama. Chuo ndicho kilichokuwa kafili wetu, yaani mdhamini wetu kisheria. Kikatupa ikama, kile kibali cha kuishi na kufanya kazi, na fleti ya vyumba viwili huko Aziziya, kwenye mtaa wa majumba yenye kuta ndefu, ambako wasichana wengi wa kwetu wanafanya kazi za ndani na hatukuwa tukiwaona ila wakitoa taka. Siku ya kwanza tuliingia na masanduku, na Dada akapita moja kwa moja hadi chumba chenye roshani. Hakuuliza. Mimi nikaingia kile kinachotazama ukuta wa jirani. Sikuudhika wakati ule, na hicho ndicho kinachoniudhi sasa. Orodha ilikuwa imenifunza vizuri mno. Mwenye namba ya juu anachagua kwanza, basi yeye alichagua rafu ya friji, akachagua Ijumaa ipi twende Al-Mahjar kununua unga na kusukwa nywele, akachagua hata upande wa kochi. Mimi nilikuwa nasubiri achague ndipo nikae.

Darasani nilifundisha hali ya hewa. Wanafunzi wangu walikuwa vijana wa Kisaudi, wapole, wenye manukato, waliokuwa na hakika kwamba kazi inawasubiri mlangoni. Nilichora mawingu ubaoni nikiwaeleza yapi ya kukwepa. Ndege zilipokuwa zikishuka kuelekea uwanjani nilinyamaza mpaka zipite, wao wakidhani ni kwa ajili ya kelele. Nilikuwa nawasikiliza marubani wake. Huyu amechelewa kupunguza nguvu. Huyu yuko sawa. Nilikuwa nikiona wivu.

Rubani asiyeruka anachacha. Si maneno ya kutia chumvi. Mikono inasahau, na karatasi nazo zinakufa: kibali chako cha kurusha aina fulani ya ndege kina muda wake, na usipofanya mtihani kwenye simuleta, ule mtambo unaojifanya ndege, kinakwisha. Kufanya mtihani huo kunahitaji kampuni ya kukulipia. Kampuni yetu ilikuwa imetupumzisha, haina habari. Za huku zilikuwa zinaajiri marubani kwa pupa, hasa moja ya Riyadh, lakini zilikuwa na sharti. Hazimchukui rubani aliyepumzishwa mpaka alete barua kwamba amejiuzulu katika kampuni ya kwao na kuisalimisha namba yake. Zinaogopa kumgharimia mtu, halafu kwao wakimwita arudi mbio. Na kusema kweli tungerudi mbio.

Hapo ndipo tulipokuwa tumefungwa, sisi sote tuliotawanyika Jeddah, Riyadh, Dammam, Doha na wale waliobaki Nairobi wakiuza mayai. Ukishika namba, huruki. Ukiruka, huna namba. Tulikuwa na kundi letu kwenye simu, na kila asubuhi mtu mmoja aliuliza swali lile lile kwa maneno mapya: jamani, tujiuzulu au tungoje?

Dada ndiye aliyekuwa sauti ya kutuzuia. Alituma sauti ndefu, za kihubiri, akieleza kwamba kampuni inatamani tujiuzulu, kwa sababu kila anayejiuzulu anaipunguzia deni la kumrudisha. "Msiwape hiyo raha," alisema. "Mtu asiache namba yake. Mimi yangu siachi." Watu walimjibu kwa mikono ya kupiga makofi na kwa amina. Mimi nilikuwa nimekaa naye kochi moja nikimsikia akirekodi, na nilikuwa najivunia kwamba huyu shujaa tunakula naye sahani moja.

Kabla ya Ramadhani alikwenda Riyadh siku chache. Aliniambia anakwenda kumwona binamu yake, muuguzi katika hospitali moja huko. Alirudi na tende na mafua, akajifungia chumbani siku mbili. Nilimpikia uji wa pilipili manga. Namuona bado akiupokea mlangoni bila kunitazama machoni, na mimi mjinga nikidhani ni homa. Alipopona, sauti zake kwenye kundi ziliongezeka maradufu.

Baada ya Idi, ile kampuni ya Riyadh iliniandikia mimi. Walikuwa wanataka kuonana nami ofisini kwao Olaya. Nilimsomea Dada ile barua tukiwa jikoni.

"Na wewe hawajakuandikia?" nikamuuliza.

"Waliniandikia kitambo," akasema huku akikatakata vitunguu. "Nikawaacha hivyo. Mimi na hao watu, mafi, hakuna kitu."

"Nifanyeje?"

"Wewe ni mtu mzima, my dear. Lakini unajua msimamo wangu."

Nilijua msimamo wake. Lakini nilijua na jambo jingine, na yeye alijua kwamba nalijua. Kutoka Nairobi zilikuwa zimevuja habari kwamba injini mbili tatu zimepatikana na watu wataanza kuitwa. Aliyezileta ni mtu wa kuaminika, na alitaja hata idadi ya watakaoitwa awamu ya kwanza. Kwa orodha ya mwisho tuliyoiona, ile ya kabla ya kupumzishwa, ilikuwa inaishia kwenye namba ya Dada. Yeye angekuwa wa mwisho kuitwa. Mimi ningekuwa wa kwanza kuachwa. Awamu ya pili ilikuwa haina tarehe, na kibali changu kilikuwa kinaelekea kufa.

Kwa hiyo uamuzi wangu ulikuwa umekaa juu ya uamuzi wake, kama kila kitu kingine maishani mwangu. Yeye akiacha namba yake, mimi napanda hatua moja, naitwa, narudi nyumbani kukaa kiti cha kushoto. Akiishika, mimi sina cha kungoja. Wiki nzima nilizunguka naye ndani ya ile fleti nikishindwa kuuliza. Unamwuliza vipi mtu kama anaweza kukupisha? Ni sawa na kumwuliza atakufa lini. Nilimwangalia akianika nguo, nikamwangalia akipiga simu kwao, nikitafuta dalili. Niliona aibu kwa kumwangalia hivyo na niliona hasira kwa kuona aibu.

Mwishowe nikamwuliza Ijumaa moja tukiwa tunarudi kutoka Al-Mahjar, mifuko ya unga magotini, ndani ya teksi.

"Dada, niambie ukweli. Wewe utajiuzulu?"

Aligeukia dirishani. "Mimi? Ng'o."

"Hata Riyadh wakikupa nini?"

"Hata wakinipa nini. Namba yangu nitazikwa nayo."

"Basi mimi nimeachwa."

"Ngoja awamu ya pili. Subira yavuta heri, si ndivyo mnasema huko pwani?"

Ni rahisi mno kumhubiria subira mtu aliye nyuma yako kwenye foleni. Mvumilivu hula mbivu, sawa, lakini mbivu zenyewe zilikuwa zinaliwa na aliye mbele, na mimi nilikuwa nimekwisha kula maganda ya kutosha. Nilifika nyumbani nikakata tiketi ya Riyadh kabla sijavua abaya.

Nilisafiri kama abiria, kiti cha nyuma karibu na choo, na tulipotua nilimlaumu rubani kimoyomoyo kwa kuigonga ardhi, nikajua wazi kwamba ninachomlaumu ni kuwa ndiye aliyeishika ndege. Nikachukua metro mpaka Olaya. Ofisi ilikuwa ghorofa ya juu, vioo vitupu, baridi ya kiyoyozi ya kumfanya mtu akohoe. Mkuu wa marubani alikuwa Mjordani mwenye mvi, mwenye adabu, aliyenitilia kahawa mwenyewe. Alipitia saa zangu za kuruka akaniambia zinampendeza. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, "Barua ya kujiuzulu kwanza. Simuleta baadaye."

"Na nikianguka kwenye simuleta?" nikauliza.

"Inshallah hutaanguka."

"Nikianguka?"

Alifungua viganja vyake. Maana yake ilikuwa wazi: ukianguka, kwenu huna namba na kwetu huna kazi. Nikamwambia kwamba huo ni ukatili. Akakubali. Akasema hata yeye hakuupenda, lakini waliwahi kuwalipia watu mtihani, wakafaulu, wakachukua cheti wakarudi makwao walipoitwa. Akanipa mpaka Jumapili.

Nilishuka nikakaa kwenye kiti cha marumaru nje ya jengo, katikati ya walinzi na wafagiaji waliokuwa wakibadilishana zamu. Nilimkasirikia Mjordani kwa adabu yake, na Nairobi kwa utamu wao. Nilimkasirikia Dada kwa kuzaliwa miezi michache kabla yangu. Nikajikasirikia mwenyewe, mwanamke mzima, kwa kuililia namba kama mtoto anayelilia kitambaa chake. Kiti cha kushoto cha nyumbani nilikuwa nimekitaka tangu nikiwa msichana. Nilitaka kusema kwenye spika, kwa Kiswahili, huyu ni kapteni wenu, na mama yangu awe ndani. Hapa Riyadh ningekuwa wa mwisho kabisa, ningesubiri miaka kumi mingine, na nikisema Kiswahili kwenye spika hakuna ambaye angenielewa.

Lakini ningeruka. Na yule aliye juu yangu alikwisha sema ng'o.

Jumapili, nikiwa bado Riyadh, niliandika barua ya kujiuzulu, mistari mitatu, nikaituma. Nairobi wakajibu siku ile ile, ingawa kwao ni siku ya mapumziko. Watu ambao walikuwa hawajibu barua ya kuulizia bima kwa miezi, walinijibu kabla sijamaliza chai. Wamekubali, wananitakia heri.

Siku iliyofuata nikaingia kwenye simuleta. Sitajisifu. Mara ya kwanza injini ilipozimwa kwenye kupaa nilikanyaga pedali nikiwa nimechelewa, na mtambo ukayumba vibaya, jasho likanishuka mgongoni. Mara ya pili miguu ilikumbuka. Nilifaulu bila kishindo. Mtahini alinipa mkono akasema yalla, karibu, nami nikaenda chooni nikalia kwa hasira zaidi kuliko furaha.

Nilirudi Jeddah nikamwambia Dada. Alikuwa anapiga pasi. Aliiweka pasi wima na akakaa kitandani.

"Umeshatuma barua?"

"Nimetuma, na wamekubali."

"Ungeniambia kwanza."

"Nilikuambia, Dada. Nilikuuliza kwenye teksi."

Alinipikia pilau siku hiyo, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, na hakula. Nilidhani amehuzunika kwamba tunaachana. Nilimsikitikia. Nilimsikitikia!

Alhamisi mchana simu yangu ikalia namba ya Nairobi. Alikuwa yule mama wa ofisi ya marubani, ambaye tangu tukiwa wageni alikuwa akituita wanangu na akitupangia safari zetu. Alikuwa anataka kujua kama kofia niliirudisha pamoja na sare.

"Lakini mwanangu, mbona uliharakisha?" akasema. "Barua yako ya kukuita ilikuwa tayari kwenye mashine. Darasa la ukapteni, wewe ndiye wa mwisho kwenye awamu. Nimeona jina limefutwa nikashika kichwa."

Nikamwambia amekosea, awamu inaishia kwa mwenzangu, mimi ndiye ninayefuata.

"Mwenzako yupi? Yule ambaye wewe na yeye tulikuwa tukiwaita mapacha? Yule si alijiuzulu kabla ya Ramadhani. Aliomba isitangazwe." Halafu akashusha sauti. "Kwani hukujua? Si mnakaa pamoja?"

Sikumbuki nilivyomuaga. Nakumbuka nilibaki nimesimama sebuleni, na kwamba kutoka jikoni Dada alikuwa akiimba wimbo wake wa kwaya. Nikaingia. Nikazima jiko lake. Nikamwambia, "Ulijiuzulu kabla ya Ramadhani."

Aliweka mwiko chini. Hakukana, angalau hilo namshukuru. Alisema kila kitu akiwa amesimama, kwa haraka, kama mtu anayetapika. Hakukuwa na binamu muuguzi. Alikwenda Olaya kabla yangu, kwa yule yule Mjordani, akatuma barua, akaingia kwenye simuleta, akaanguka. Wakampa nafasi ya pili kesho yake, akaanguka tena. Yeye, wa darasa la ukapteni. Miguu haikukumbuka. Akarudi Jeddah hana namba na hana kazi ya kuruka, ana ikama ya ualimu tu.

"Ndiyo maana nilikuwa nawaambia msijiuzulu," akasema. "Sikudanganya. Nilikuwa nawaonya."

"Ulituonya bila kutuambia sababu!"

"Ningesemaje? Niseme nimefeli? Kwa kundi zima?"

"Kwangu! Ungeniambia mimi! Nilikuuliza kwa mdomo wangu, ukasema namba yako utazikwa nayo. Namba gani, Dada? Ulikuwa na namba gani?"

Alianza kulia. Alisema kwamba alipotoka Riyadh alitaka kuniambia, kila siku alitaka. Lakini kila siku nilikuwa nikisubiri achague kwanza. Nilimwuliza twende sokoni lini, nilimwuliza apike au nipike. Nilimwita Dada. "Hapa ndani ya nyumba hii nilikuwa bado niko juu yako," akasema. "Ni hicho tu nilichokuwa nimebaki nacho. Sikujua itafika mahali ikuumize. Nilidhani utanisikiliza ungoje."

Wapo watu watakaosoma hapa wakamwonea huruma. Wamwonee. Mimi pia najua aibu ya kuanguka mtihani, nilikuwa sekunde chache tu mbali nayo. Lakini huruma haiwezi kunikalisha kiti cha kushoto. Miezi yote ile hapakuwa na mtu juu yangu. Nilikuwa nimesimama wa kwanza kwenye foleni, namwangalia mgongo mtu ambaye hayupo, na nikaondoka kwa sababu nilidhani haondoki. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Mengine nilimwambia kwa Kiarabu cha sokoni, maana Kiswahili kilikuwa hakinitoshi.

Alipotulia kidogo alikaa kwenye kiti cha jikoni, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Utawaambia wengine?"

Hapo ndipo nilipomkumbuka kijana wetu wa Dammam, rubani mwenzetu kwenye lile kundi. Namba yake ilikuwa inafuata yangu. Anaendesha ghala la mizigo huko, mke wake amejifungua karibuni, na yule Mjordani alikuwa amemwandikia yeye pia. Mimi nilikuwa nimelitangazia kundi kwamba nimejiuzulu, kwa hiyo alijua nimetoka kwenye orodha. Lakini Dada alikuwa bado hajatoka, kwa hesabu yake. Bado alikuwa anamhesabu juu yake. Alikuwa anafanya kosa langu lile lile, kwa sababu ile ile, na kumbe ile nafasi ya mwisho ya awamu, baada ya sisi wawili kutoka, ilikuwa yake.

"Mwambie wewe," nikamwambia Dada. "Sasa hivi."

"Nipe mpaka kesho. Nijipange."

"Hakuna kesho."

"Tafadhali. Watanionaje?"

"Chukua simu."

Hakuichukua. Mikono yake ilikuwa imekaa tu mapajani, mikono ambayo niliwahi kuionea wivu ikishika usukani. Basi nikachukua yangu, na mbele ya macho yake nikaandika kwenye kundi, bila salamu: Hesabuni upya. Dada naye alijiuzulu kabla ya Ramadhani. Juu yenu tumetoka wawili, si mmoja. Wa Dammam, nafasi ya mwisho ni yako, usisaini kitu, piga Nairobi.

Nikatuma. Dada alifunika uso kwa khanga ya jikoni. Nilikaa kiti cha pili, tukingoja, na nilikuwa na hasira bado lakini kwa mara ya kwanza siku hiyo nilikuwa najua ni ya nini.

Kijana alijibu haraka. Aliandika: Dada zangu, mbona hamkusema? Barua yangu nimeituma jana.